Kutoka Chupani hadi Pipani: Somo la Lugha ya Maelekezo kwa Mfano wa Biryogo

Utangulizi

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha ngazi ya kati hufika siku moja kwenye mada ya matini ya maelekezo. Vitabu vingi huchukua mfano wa kupika pilau, kuvaa kanga au kutengeneza chai ya maziwa. Mifano hiyo ni mizuri, lakini ina upungufu mmoja. Mwanafunzi akikosea neno, hakuna kinachoharibika. Akiandika "mimina" mahali pa "nyunyiza", pilau itapikika tu, na mwalimu atapiga mstari mwekundu bila kuweza kumwonyesha kwa nini kosa lile ni kosa.

Makala haya yanapendekeza mfano mwingine. Nao ni namna mtu anayetengeneza bia nyumbani anavyoacha kuitia katika chupa na kuanza kuitia katika pipa la chuma linaloingizwa gesi. Mfano huu una faida tatu kwa mwalimu wa lugha. Kwanza, hatua zake zina mpangilio usioweza kupinduliwa. Pili, maneno yake mengi yapo tayari vinywani mwa mafundi, kwa hiyo hatuna haja ya kubuni istilahi ofisini. Tatu, neno moja likitumiwa ovyo mtu anaweza kuumia, au hata kufa. Neno lenyewe ni "gesi".

Tutaeleza kwanza kazi yenyewe, kwa sababu mwalimu asiyeijua kazi hawezi kusahihisha maelezo yake. Baadaye tutarudi kwenye lugha na darasa.

Kwa nini Biryogo?

Biryogo ni mtaa wa Kigali, katika Wilaya ya Nyarugenge, upande wa Nyamirambo. Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt. Kiswahili kiliingia pamoja na askari, wapagazi, makarani na wafanyabiashara waliotoka pwani na bara ya Tanganyika. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, Waislamu wa mji walikaa kwa wingi Biryogo, na mahali hapo pakajulikana kuwa kambi ya Waswahili. Mpaka leo ni miongoni mwa mitaa ya Rwanda ambako mtoto anaweza kukua na Kiswahili nyumbani kabla hajakisoma shuleni.

Msomaji atauliza mara moja: mtaa wa Waislamu na bia wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Dini inakataza pombe, na kinywaji cha barazani Biryogo ni chai. Lakini tuna sababu mbili za kuuchagua mtaa huu.

Sababu ya kwanza ni kwamba nchini Rwanda Kiswahili kimekuwa kwa muda mrefu lugha ya gereji, ya madereva na ya biashara. Anayetaka mpira, koki, spana au mtungi atasikia Kiswahili kabla ya kusikia lugha ya vitabu. Bia hata ikitengenezwa mtaa mwingine, maneno ya vyombo vyake yanapatikana kwa watu wa Biryogo.

Sababu ya pili huenda ikawashangaza wengi. Pipa dogo linalotumiwa na watengenezaji wa bia wa nyumbani duniani halikuundwa kwa ajili ya bia. Liliundwa kwa ajili ya soda. Kampuni za soda za Marekani zilisafirisha sharubati zake katika mapipa ya chuma kisichoshika kutu, yenye ujazo wa lita 19 hivi, maarufu kwa jina la kampuni ya Cornelius. Kampuni hizo zilipohamia kwenye mifuko ya plastiki ndani ya maboksi, mapipa ya zamani yaliuzwa kwa bei nafuu, na watengenezaji wa bia wakayanunua. Kwa hiyo mwalimu mwenye darasa la Waislamu anaweza kulifundisha somo hili lote kwa mfano wa soda, na hatua nyingi zitabaki vilevile.

Chombo kilicho wazi na chombo kilichofungwa

Kabla ya chupa palikuwa na mtungi wa udongo. Nchini Rwanda urwagwa, yaani pombe ya ndizi, hutengenezwa kwa ndizi zilizovumbikwa mpaka zikaiva, zikakamuliwa pamoja na majani, kisha maji yake yakachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa. Chombo cha kuchachushia ni umuvure, mtumbwi wa mti uliochongwa. Maji ya ndizi yasipochachushwa huitwa umutobe, nayo hunywewa na watu wa rika zote. Pombe ya mtama ni ikigage. Vinywaji hivi viliwekwa katika ikibindi, mtungi wa udongo, au katika kibuyu, na watu wakanywa pamoja kwa mrija uitwao umuheha.

Vyombo hivyo vyote vina sifa moja: viko wazi, au vimezibwa kwa namna isiyozuia gesi. Chachu inapokula sukari hutoa vitu viwili, kileo na gesi ya kabonidayoksaidi. Kileo hubaki katika kinywaji na gesi hupaa. Ndiyo maana pombe ya kienyeji haina mapovu ya kudumu kama ya bia ya kiwandani, na ndiyo maana hunywewa katika siku chache kabla haijawa siki.

Chupa iliyofungwa kwa kizibo cha chuma ilileta jambo jipya, kwani gesi hukosa pa kutokea, ikalazimika kuyeyuka ndani ya kinywaji. Rwanda ilipata kiwanda cha bia mwaka 1957, pale Bralirwa ilipoanzishwa Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu. Kinyarwanda kina neno icupa, ambalo mwalimu wa Kiswahili hahitaji kulifafanua.

Chupa hufanyaje kazi?

Mtu anayetia bia yake katika chupa hutumia chachu ileile iliyoitengeneza bia. Bia ikiisha kuchacha, huongeza sukari kidogo, huijaza katika chupa, huziba, kisha husubiri. Chachu iliyobaki huila sukari hiyo na kutoa gesi ndani ya chupa.

Kipimo chake si cha kubahatisha. Gramu 4 za sukari katika kila lita huongeza gesi ambayo, kama ingeachiwa huru, ingejaza nafasi sawa na ya kinywaji chenyewe. Watu wengi hutumia gramu 6 hivi kwa lita. Kwa lita 19 ni gramu 114. Katika joto la nyuzi 20 hivi, ambalo ndilo joto la kawaida la Kigali, wiki mbili zinatosha.

Ubaya wa chupa ni wa aina mbili. Wa kwanza ni kazi. Lita 19 zinahitaji chupa 58 za mililita 330. Kila moja ioshwe, isuuzwe, itiwe dawa ya kuua vijidudu, ijazwe na izibwe. Chupa moja ikisahauliwa, bia iliyomo huchachuka. Wa pili ni hatari. Mtu akizidisha sukari, au akijaza kabla bia haijamaliza kuchacha, gesi huzidi uwezo wa chupa, nayo hupasuka. Vigae vya chupa iliyopasuka kwa nguvu ya gesi huruka mbali na hukata vibaya.

Uzuri wake pia tuutaje. Chupa haihitaji umeme wala mtungi wa gesi, hubebeka, na mtu anaweza kumpelekea jirani mbili tatu. Kwa hiyo anayehamia kwenye pipa asizitupe chupa zake zote.

Pipa hufanyaje kazi?

Katika pipa, gesi haitoki kwenye chachu. Hutoka katika mtungi wa kabonidayoksaidi ulio pembeni. Pipa la lita 19 lina kifuniko chenye vali ya usalama, na juu yake lina viungio viwili. Kiungio cha kwanza ni njia ya gesi kuingia, nacho kina bomba fupi ndani. Cha pili ni njia ya kinywaji kutoka, nacho kina bomba refu linalofika chini kabisa. Gesi inapoingia juu, husukuma kinywaji kishuke, kipite katika bomba refu na kutokea kwenye koki.

Ndani ya mtungi, kabonidayoksaidi nyingi iko katika hali ya majimaji. Kwa joto la nyuzi 20 nguvu yake hufika bar 57 hivi. Pipa linahitaji bar moja tu au pungufu. Kati ya viwili hivyo hukaa regeleta, kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi, chenye geji za kusomea. Bila regeleta, kuunganisha mtungi na pipa ni kutafuta maafa.

Baridi nayo ina kazi yake, kwa sababu gesi huyeyuka zaidi katika kinywaji baridi. Katika nyuzi 4, kipimo cha bar 0.8 kinatosha kuipa bia gesi ya kawaida. Katika nyuzi 20, gesi hiyo hiyo ingehitaji karibu bar 2. Hapa Kigali inatofautiana na Dar es Salaam au Mombasa. Geji husoma nguvu inayozidi ile ya hewa ya mahali ilipo. Kigali iko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Kwa hiyo mtu wa Kigali huongeza kama bar 0.15 na zaidi kidogo, akafika karibu bar 1. Anayenakili maelekezo ya pwani bila kulijua hilo atapata bia iliyopooza kidogo, na atailaumu chachu bure.

Bia ya pipa si ngeni Afrika Mashariki. Nchini Kenya, mwaka 2004, kampuni ya East African Breweries ilianzisha Senator Keg, bia ya bei nafuu inayouzwa kwa kumiminwa kutoka kwenye pipa, iliyokusudiwa kuwavuta wanywaji waliokuwa wakinywa pombe haramu na za hatari. Serikali iliisaidia kwa msamaha wa ushuru. Ushuru ulipopandishwa mwaka 2013 mauzo yake yalianguka sana, na mwaka 2015 sehemu kubwa ya msamaha ikarudishwa. Kwa kutotumia chupa, vizibo na lebo, pipa hupunguza gharama. Sababu hiyohiyo humvuta pia mtu wa nyumbani, ingawa yeye huanza kwa kutumia fedha nyingi zaidi kununua pipa, mtungi, regeleta na jokofu.

"Gesi" gani?

Sasa tufike kwenye neno letu. Mazungumzo yafuatayo tumeyabuni kwa ajili ya darasa. Kijana anaingia katika duka la vifaa.

Mteja: Asalaam aleikum, mzee wangu.
Fundi: Waaleikum salaam, mwanangu. Karibu. Nikusaidie nini?
Mteja: Nataka mtungi wa gesi na mpira wake.
Fundi: Wa kilo ngapi? Huu wa sita, au ule wa kumi na mbili?
Mteja: Hata sijui, mzee. Nataka kutia gesi kwenye kinywaji.
Fundi: Kwenye kinywaji? Basi siyo huu, mwanangu. Huu ni wa kupikia. Wewe unataka gesi ya soda.
Mteja: Ndiyo hiyo. Inaitwaje hasa?
Fundi: Mimi naiita gesi ya soda. Jina la kitabuni kamwulize mwalimu wako.

Kijana huyu hakukosea sarufi hata mara moja. Upatanisho wake ni sahihi na adabu yake ni nzuri. Hata hivyo, kama fundi asingemhoji, angeondoka na mtungi wa gesi ya kupikia. Katika mitaa ya Afrika Mashariki leo, "mtungi wa gesi" bila maelezo mengine ni ule wa jikoni. Gesi ya kupikia hushika moto, ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutambaa chini na kujikusanya. Regeleta yake pia haikuundwa kubeba nguvu ya mtungi wa kabonidayoksaidi.

Mtu akisema, "Basi tuseme hewa ya ukaa," tatizo halijaisha. Magazeti hutumia "hewa ukaa" kwa kabonidayoksaidi, hasa yanapozungumzia mabadiliko ya tabianchi. Lakini watu wengi wakisikia "hewa ya ukaa" hufikiria moshi wa jiko la mkaa unaoua watu waliolala chumba kilichofungwa. Ile ni kabonimonoksaidi, gesi nyingine kabisa, yenye sumu hata ikiwa kidogo.

Kabonidayoksaidi nayo si ya kuchezea. Haiwaki moto, haina rangi, na ni nzito kuliko hewa. Ikivuja katika chumba kidogo kisicho na dirisha hufukuza hewa ya kupumua. Ikifika asilimia 10 ya hewa ya chumbani, mtu hupoteza fahamu kwa dakika chache. Kwa hiyo mtungi usiwekwe chumba cha kulala wala stoo iliyofungwa.

Pendekezo letu ni kwamba, katika matini ya maelekezo, jina kamili litajwe mara ya kwanza pamoja na jina la mtaani: "kabonidayoksaidi, yaani gesi ya soda". Baada ya hapo mwandishi achague moja na alishike mpaka mwisho. Kwa kweli jina la fundi lina faida ambayo jina la kitabuni halina. Linasema gesi hiyo ni ya kazi gani, na halichanganyiki na ya jikoni.

Maneno mengine yenye mtego wa namna hii ni haya:

Mtungi: chombo cha udongo cha maji au pombe, na pia chombo cha chuma cha gesi. Katika matini moja, tulibakize kwa chombo cha gesi, na chombo cha bia tukiite pipa.

Presha: mtaani ni nguvu ya gesi au ya tairi, lakini "ana presha" ni ugonjwa. Vitabu vya fizikia hutumia kanieneo. Kwa fundi, "nguvu ya gesi" inaeleweka bila shaka.

Bar: kipimo cha kanieneo. Tukiandika "baa" tutampeleka msomaji penye viti na muziki.

Mashapo na machicha: mashapo ni tope linalotuama chini ya majimaji, machicha ni makapi yanayobaki baada ya kukamua au kuchuja. Chini ya bia kuna mashapo.

Chachu na hamira: hamira ni ile inayonunuliwa dukani kwa mikate, na kwa wengi neno hilo halitoki jikoni. Chachu ni neno pana, nalo linafaa zaidi hapa.

Matini ya mfano

Ifuatayo ni matini fupi inayoweza kusomwa darasani. Tumeiandika kwa sentensi za amri, kama ilivyo desturi ya maelekezo ya kazi.

1. Hakikisha bia imekwisha kuchacha. Ipime kwa haidromita siku tatu mfululizo. Kipimo kisipobadilika, chachu imemaliza kazi.

2. Osha pipa kwa maji ya moto na sabuni isiyo na manukato, lisuuze, kisha litie dawa ya kuua vijidudu. Hakikisha dawa inapita pia katika bomba refu, mpira na koki.

3. Ingiza kabonidayoksaidi kidogo ndani ya pipa tupu ili kupunguza hewa ya kawaida iliyomo, kwa kuwa oksijeni huiharibu ladha ya bia.

4. Hamisha bia kwa mpira. Ncha ya mpira ifike chini ya pipa, bia isirukeruke. Acha mashapo katika chombo cha kwanza. Usilijaze pipa mpaka juu.

5. Funga kifuniko. Fungua koki ya mtungi taratibu, gesi iingie. Vuta vali ya usalama mara tatu au nne, kila mara kwa muda mfupi, ili hewa iliyobaki itoke.

6. Paka maji ya sabuni kwenye maungio yote. Povu likitokea, pana mahali panapovuja. Funga koki ya mtungi, toa gesi, kaza au badilisha mpira wa kuzuia mvujo, kisha jaribu tena.

7. Weka pipa katika jokofu kwa nyuzi 4. Weka regeleta kwenye bar 1 ikiwa uko Kigali, au bar 0.8 ikiwa uko pwani. Subiri siku saba hadi kumi.

8. Kwa kumimina, tumia mpira wa urefu wa mita 3 hivi, wenye upana wa ndani wa milimita 5. Mpira mfupi mno hutoa povu tupu. Inamisha glasi, kisha fungua koki yote kwa mara moja.

9. Pipa likiisha, usikifungue kifuniko kabla hujafunga koki ya mtungi na kuitoa gesi yote iliyomo kwa vali ya usalama.

Anayefundisha kwa mfano wa soda ataacha hatua ya kwanza, na katika hatua ya nne atataja sharubati iliyochanganywa na maji baridi. Mengine yatabaki yalivyo, isipokuwa kwamba soda hutiwa gesi nyingi zaidi.

Sarufi iliyomo ndani ya kazi

Matini hii ina mambo manne ya kisarufi ambayo mwalimu anaweza kuyatoa.

La kwanza ni upatanisho wa ngeli. Tazama sentensi hii: "Unganisha pipa na mtungi, kisha ufungue taratibu." Kifungue nini? "Ufungue" inaweza kuwa na maana ya "wewe fungua", bila kutaja chombo. Msomaji akidhani ni pipa, atashika kifuniko kilichosukumwa na gesi kutoka ndani, na hiyo ni hatari. Afadhali kuandika: "kisha fungua koki ya mtungi taratibu, kifuniko cha pipa kisiguswe." Wanafunzi wengi huona viambishi vya ngeli kuwa mzigo wa mtihani. Hapa wataona kwamba tofauti ya "lifungue", "kifungue" na "ifungue" ni tofauti ya pipa, kifuniko na koki.

La pili ni kauli ya kutendua. Kazi hii imejaa vitenzi vyake: funga na fungua, ziba na zibua, chomeka na chomoa, pachika na pachua. Hata hivyo mwalimu awatahadharishe wanafunzi. Si kila kitenzi kinachoishia na -ua ni cha kutendua. "Chachua" hakipindui maana ya "chacha". Maana yake ni kufanya kitu kichache. Vilevile kinyume cha "kaza" si neno la mzizi huohuo, bali ni "legeza".

La tatu ni masharti na wakati. Maelekezo ya usalama hutegemea sana viambishi vidogo: "-ki-" katika "povu likitokea", "-sipo-" katika "kipimo kisipobadilika", na "kabla hujafunga" katika hatua ya tisa. Mwanafunzi anayeandika "kabla umefunga" hakukosea mtindo peke yake. Amemwachia msomaji swali la lipi litangulie.

La nne ni uchaguzi wa kitenzi. Tunasema "mimina" kwa kinywaji kinachotoka kwenye koki kuingia glasi, "hamisha" kwa bia inayotoka chombo kimoja kwenda kingine, na "jaza" kwa tendo la kufikisha kiasi kinachotakiwa. "Tia" ni neno pana, na ni jema, lakini likitumiwa kila mahali hatua zote zitafanana.

Mazoezi ya darasani

1. Wagawe wanafunzi wawili wawili. Mmoja asome hatua ya tano na ya sita bila kuonyesha karatasi. Mwenzake achore anachokisikia. Walinganishe mchoro na matini.

2. Kila mwanafunzi amtembelee fundi mmoja wa mtaani kwake, amwombe kwa adabu amtajie majina ya sehemu za kifaa kimoja, na ayaandike kama yalivyotamkwa. Darasa lijadili yapi yamo katika kamusi na yapi hayamo.

3. Andika upya mazungumzo ya dukani ili mteja aeleweke kwa sentensi yake ya kwanza.

4. Badilisha hatua tisa kutoka kauli ya amri kuwa maelezo ya mazoea, kwa kutumia "hu-" na kauli ya kutendwa: "Pipa huoshwa kwa maji ya moto..." Jadili matini ipi inamfaa mfanyakazi na ipi inamfaa msomaji wa gazeti.

5. Wanafunzi wanaojua Kinyarwanda waorodheshe majina ya vyombo na hatua za kutengeneza urwagwa au umutobe, kisha watafute njia ya kuyaeleza kwa Kiswahili bila kupoteza maana.

Hitimisho

Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi nchini humo. Uamuzi kama huo huongeza walimu, vitabu na mitihani. Lakini una hatari yake. Tunaweza kumfundisha kijana wa Kigali Kiswahili cha hotuba na cha insha, akafaulu vizuri, kisha akaingia dukani Biryogo akashindwa kununua mtungi unaofaa. Na tunaweza, kwa upande wa pili, kumrudisha nyuma kijana aliyelelewa Biryogo kwa kumwambia kwamba "koki", "geji" na "regeleta" si Kiswahili, ilhali ndiyo maneno yanayomlinda kazini.

Kwa hiyo tusianze na istilahi. Tuanze na kazi, tuwasikilize wanaoifanya, kisha tulete kamusi pale ambapo maneno yao yanagongana. Fundi wetu alijua gesi ipi ni ya kupikia na ipi ni ya soda. Alichokosa ni jina la kitabuni, na alijua la kufanya: alimtuma kijana kwa mwalimu. Kijana akija, mwalimu na awe na jibu.